Tristan & Isolde (2006): muvi ya wapenzi wawili, ila aliyeniumiza ni mume

Sikutegemea muvi ya mapenzi ya Wazungu wa zama za mapanga inifanye nimuonee huruma mume anayeibiwa mke, lakini ndo hivo, imenikuta. Naongelea Tristan & Isolde ya 2006, ile ya dairekta Kevin Reynolds, yumo James Franco kama Tristan, Sophia Myles kama Isolde na Rufus Sewell kama Marke. Ilivyouzwa ni stori ya vijana wawili wanapendana na dunia nzima imewakatalia, hata bango lake lilijinadi kwamba kabla ya Romeo na Juliet walikuwepo hawa. Sawa, wapo, wanapendana, wanalia, wanavua nguo. Ila we kamwangalie Marke. Wale vijana nimeshawasahau nusu, mzee bado hajanitoka.

Na kwa wanaopenda ngumi niseme mapema, mapigano yapo na mengine mazuri tu, lakini hii sio muvi ya vita. Ndo maana kwenye vibanda umiza vya huku Mbeya, vile vya kuonyeshea muvi kwa kiingilio, huikuti sana, mteja wa kibanda anataka stelingi apige watu ishirini na shati lisichafuke, akiletewa watu wanaangaliana kwa huzuni pembeni ya mto anaanza kudai hela yake.

Nasimulia mpaka mwisho, hadithi ina zaidi ya miaka mia nane, kama hujaisikia mpaka leo usinilaumu mimi.

Stori iko hivi. Warumi wameshaondoka Uingereza, wameacha magofu na watu wasioelewana, kila kabila lina mkubwa wake na kila mkubwa anajiona yeye ndo yeye. Ng'ambo ya bahari kuna Ireland, kule mfalme ni mmoja, Donnchadh, na anachofanya ni kuhakikisha hawa wa upande wa pili hawaungani hata siku moja, maana wakiungana nani atamlipa kodi? Wenzangu wa Iringa hapo hamhitaji maelezo marefu, mnajua Munyigumba alitoka wapi mpaka kuviweka vile vitemi vya Wahehe chini ya mtu mmoja, kabla mwanae Mkwawa hajaja kuwasumbua Wajerumani. Basi Marke wa Cornwall ndo anataka kufanya kazi ya namna hiyo. Siku wakubwa wamekutana kukubaliana, Waireland wakawavamia, baba na mama wa Tristan wakauawa, na Marke akimkinga yule mtoto panga likaondoka na mkono wake. Kiganja chote, cha kulia. Huo mkono ukae nao kichwani kuanzia dakika za mwanzo, kwasababu muvi nzima inaning'inia hapo. Kila Tristan anapomdanganya Marke, ule mkono ambao haupo unaonekana kwenye fremu, na dairekta hajawahi kukukumbusha kwa maneno, anaacha tu Marke avae vazi lake, ashike kikombe kwa mkono mmoja, basi.

Tristan anakua, anakuwa mpiganaji, anamuua Morholt, mbabe wa Ireland, ila upanga wa Morholt ulikuwa na sumu. Wanamuona kafa, wanamlaza kwenye mtumbwi wanausukuma baharini kama wanavyomzika shujaa. Mtumbwi unaelea mpaka Ireland kwenyewe, kwa maadui, na anayemuokota ni Isolde, binti wa mfalme, fundi wa mitishamba. Anamficha kwenye kibanda ufukweni anamtibu, na akiulizwa jina anataja la mtumishi wake, Bragnae. Jina la uongo. Kijana anapona, anapenda, anatoroka kurudi kwao bila kujua aliyemuacha nyuma ni nani.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo. Kwenye hadithi ya asili, ile waliyoiandika kina Béroul na Thomas karne ya 12 na baadae Mjerumani Gottfried wa Strassburg mwanzoni mwa karne ya 13, hawa wawili hawakupendana kwa hiari yao. Mama yake Isolde alitengeneza limbwata, akamkabidhi mtumishi alitunze mpaka usiku wa harusi, anywe Isolde na mfalme Mark (ndo huyu Marke, na kule ni mjomba wa Tristan) ili ndoa ishike. Wakiwa njiani kwenye jahazi kiu ikawabana, Tristan na Isolde wakalinywa wakidhani ni divai. Kwisha habari. Béroul alienda mbali zaidi akaliwekea na muda wa kuisha nguvu, miaka mitatu. Siku ilipotimia Tristan yuko porini anamfukuza paa aliyemjeruhi, dawa inakata palepale, anasimama anaanza kujiuliza hivi mimi na ukubwa wangu huu nafanya nini huku msituni na mke wa mjomba. Mimi hicho kipande nakipenda kuliko vyote kwenye hadithi nzima, na kwenye muvi hakipo.

Hakipo kwasababu Reynolds na mwandishi wake Dean Georgaris wamelitoa limbwata lote. Hakuna dawa, hakuna uchawi. Kuna mitishamba ya kutibu sumu tu, vingine ni watu na akili zao timamu.

Cha kuchekesha, mara ya kwanza niliiona ikiwa imetafsiriwa, kwenye kibanda kimoja maeneo ya Soweto ya hapa Mbeya, na DJ aliyeitafsiri simtaji ila wapenzi wa hizi kazi mnaijua ile sauti ya kukwaruza. Kufika pale Isolde anamnywesha Tristan dawa ya sumu, jamaa akasema "hapa mwanaume keshawekewa kitu," na kibanda kizima kikaitikia kwa pamoja, limbwataaa! Yule DJ sidhani kama amewahi kufungua hata ukurasa mmoja wa Béroul, lakini alichofanya ni kulirudisha limbwata pale dairekta alipolitoa, na watu wote wakaridhika. Maana kwetu mwanaume akiacha kila kitu, heshima, mjomba aliyemlea, nchi, kwa ajili ya mwanamke mmoja, maelezo ni moja tu. Wazee wa Ulaya wa karne ya 12 nao walifikiri hivohivo.

Lakini nilivyokuja kuitafuta isiyotafsiriwa nikaiangalia nyumbani na sabtaito ndo nikaona kwanini kulitoa ilikuwa akili. Limbwata lilikuwa linawabebea mzigo. Ukilinywa huna kosa, aliyekosea ni mtumishi aliyeacha chupa hovyo. Ukilitoa, basi kila wanapokutana kwenye yale magofu ya daraja la Warumi wamejiamulia wenyewe, wametembea kwa miguu yao, na wanajua wanamfanyia nani.

Na wanamfanyia nani? Tuongee kuhusu ushenga kwanza. Mfalme wa Ireland anatangaza mashindano ya mapanga, atakayeshinda atapewa binti, lengo lake ni kuwagombanisha wale wakubwa wa ng'ambo. Marke hana mkono, anayeenda kupigana kwa niaba yake ni Tristan. Yaani Tristan ni mshenga mwenye upanga. Anashinda, bibi harusi anafunuliwa shela. Hicho kipande nimekirudia. Isolde anamuona ni yeye, uso wote unafunguka, anaamini kijana wake kavuka bahari kuja kumchukua. Na Tristan hapo ndo anaelewa ni nani. Inabidi afungue mdomo mbele ya ukumbi uliojaa maadui aseme amemshindia Marke wa Cornwall. Sophia Myles hasemi neno, kinachofanyika ni tabasamu linabaki pale usoni sekunde kama mbili halijapata taarifa, alafu ndo linashuka. Aisee. Kwa kipande hicho peke yake naisamehe muvi nzima.

Shangazi yangu wa Tukuyu tulikuwa nae sebuleni siku hiyo, anasuka ukili wake, muvi za Kizungu huwa hazitazami ila hii alikuwa anainua kichwa. Pale aliinua kichwa akasema, "Lakini mwanangu, huyu binti si angetaja tu jina lake toka kule kwenye kibanda? Ng'ombe zingeshahesabiwa mapema na pasingekuwa na shida." Nikataka kumbishia nikakosa pa kuanzia. Kwenye hadithi ya asili mdanganyifu ni Tristan, anajiita Tantris ili wasijue ndo aliyemuua Morholt. Kwenye muvi wamehamishia uongo kwa Isolde, na uongo wake una sababu, huyo ni mtoto wa mfalme amemficha adui wa baba yake. Ila shangazi bado ana hoja.

Sasa Marke. Kwenye muvi nyingi za namna hii mume lazima awe mnyama, mzee, mlevi, anapiga mke, ili sisi watazamaji tuwape wapenzi ruhusa bila kujisikia vibaya. Na Rufus Sewell ndo hao huwa anawacheza, kwenye A Knight's Tale ya 2001 alikuwa yule adui anayechukiza kweli kweli, kwahiyo ukimuona tu unajiandaa kumchukia. Alafu unasubiri. Unasubiri abadilike, habadiliki. Anamheshimu mkewe, anajua kaletewa kwa siasa na hamlazimishi furaha, kidogo kidogo anampenda kweli, na anampenda kwa haya kama mtu ambaye hakutegemea tena kitu kizuri kwenye maisha yake. Anayemfungulia moyo kuhusu hayo mapenzi ni nani? Tristan. Jamani. Anakaa na kijana aliyemlea anamwambia jinsi anavyojisikia kuhusu mkewe, na kijana anaangalia pembeni.

Hapo ndo nikagundua kwamba niko upande wa mume, na Isolde mwenyewe yuko karibu kuwa upande wa mume, hana cha kumlaumu, na hilo ndo linamuumiza. Angekuwa katili ingekuwa rahisi.

Walivyofumaniwa (kwa mpango wa Wictred, Mark Strong huyo, na mfalme wa Ireland, wenye lengo la kuvunja umoja) nikasema sasa mzee atachinja mtu. Ana hasira, na ana haki. Isolde anamsimulia kila kitu, kuanzia mtumbwi, kibanda, jina la uongo, kwamba yeye na Tristan walikuwepo kabla yake. Anamsikiliza mpaka mwisho. Alafu anawaachia. Anawafungulia waondoke, mashua ipo mtoni, nendeni zenu. Mwanaume aliyepoteza mkono kwa kijana huyohuyo! Hicho kipande kwenye ile tafsiri ya kibandani sikukipata hata kidogo, maana DJ alikuwa anapiga stori zake juu ya mazungumzo, mara anasalimia washkaji zake wa Tunduma, mara anatangaza muvi inayofata, na kibanda kilikuwa kinacheka. Hilo ndo lalamiko langu kubwa kwa kazi za namna ile, kwenye ngumi wananogesha, ila wakifika mahali mtu ananyamaza wao wanaogopa ukimya, wanaujaza.

Tristan nae akagoma kupanda. Kwamba wakiondoka watu watasema milele mapenzi yao ndo yaliangusha nchi. Anaisukuma mashua na Isolde ndani yake, anarudi kupigana. Pale namuelewa, ni mara ya kwanza kwenye muvi anafanya kitu kwa ajili ya Marke bila kumficha kitu.

Niende kwenye ubaya, maana upo.

James Franco. Sijui nisemeje. Kijana mzuri wa sura, hilo halina ubishi, wadada mtafaidi, ila karibu muvi nzima ana sura moja, sura ya mtu anayeumwa jino na hataki kusema. Anapopenda, jino. Anapoachwa, jino. Pembeni yake Myles anaigiza kwa macho na Sewell anaigiza hadi kwa mgongo, na yeye yupo tu katikati. Henry Cavill yumo humu kama Melot, mpwa wa Marke anayemuonea Tristan kijicho na kutumiwa na wasaliti, huyo ndo alikuja kuwa Superman 2013, na mimi nilikaa najiuliza ingekuwaje kama wangebadilishana nafasi. Melot ana dakika chache ila ukimuona anavyomtazama mjomba wake akimsifia Tristan unaelewa kila kitu.

La pili, mashairi. Isolde anamsomea Tristan kitabuni maneno matamu ya uso wangu kwenye jicho lako na wako kwenye langu, na ukiyasikia unaona mbona yamekaa vizuri hivi. Yamekaa vizuri kwasababu ni ya John Donne, Mwingereza aliyezaliwa 1572. Warumi ndo kwanza wameondoka Uingereza, yaani tuko nyuma yake kama miaka elfu moja hivi, na binti anashika kitabu anasoma. Kwa mtu asiyejua haisumbui. Ila ukishajua kila wakirudia unaona kama kuna mtu kaacha saa ya mkononi mezani kwenye muvi ya Yesu.

La tatu ni la kwangu binafsi, ukiipenda hadithi ya asili utalia kwa vilivyoachwa. Kuna mahali wapenzi wamekimbilia msitu wa Morrois, mfalme anawafuata akitaka kuua, anawakuta wamelala na nguo zao na upanga uko katikati yao. Anasimama anaangalia. Anaamini labda hawana hatia, anachukua ule upanga anaacha wake, anabadilisha na pete kidoleni kwa Isolde, anaweka glavu yake jua lisimpige usoni, anaondoka bila kuwaamsha. Nyie. Huyo Marke wa Sewell angepewa kipande hicho tungekuwa tunaongea mengine saa hizi. Tena kingeingia bila shida kwasababu hakihitaji uchawi wowote.

Mwisho nao wamebadilisha. Kwa Thomas na wenzake, Tristan yuko Brittany kaoa Isolde mwingine, wanamwita wa Mikono Myeupe, kajeruhiwa kwa sumu tena, anayeweza kumtibu ni Isolde wake wa zamani tu. Anamtuma mtu, makubaliano ni kwamba wakirudi nae tanga liwe jeupe, wakimkosa liwe jeusi. Tanga linakuja jeupe, mke kwa wivu anasema ni jeusi, jamaa anageukia ukutani anakata roho. Mwanamke anafika amechelewa, anajilaza pembeni yake anakufa nae. Kwenye muvi hakuna mke wa pili wala tanga, Tristan anaokoa ngome, anajeruhiwa, Marke mwenyewe ndo anamtoa nje hadi mtoni na Isolde anafika kabla hajakata roho. Tristan anamwambia hajui kama uhai unazidi kifo, ila mapenzi yamezidi vyote viwili. Mimi hapo sikulia, nilikuwa namwangalia mzee aliyesimama nyuma yao na mkono wake mmoja. Kibandani wao walikasirika, kuna mtu akapiga kelele "stelingi hafi bana, rudisha nyuma!" wakidhani CD imeruka kipande.

Mambo ya picha niseme haraka. Wamepigia Ireland na Jamhuri ya Czech, kila kitu kijivu na bluu, ukungu, maji baridi, mawe yenye majani. Kama umewahi kupita Isongole asubuhi ya mwezi wa saba unaelekea Tukuyu hutashangaa chochote, utatafuta tu sweta. Muziki wa Anne Dudley umetulia, hausukumi machozi kwa nguvu. Mapambano yamepigwa kamera karibu mno, mahali pengine hujui nani kamkata nani. Ni saa mbili na dakika chache, na kama nusu saa ya katikati, ya kujificha na kukutana, ingepungua kidogo isingeuma.

Kama unataka kuiangalia, kwa wauza muvi wa Mwanjelwa utaipata, ila sema kabisa kwamba unataka isiyotafsiriwa yenye sabtaito, usipoongea utawekewa ile ya salamu za Tunduma. Angalia na faili lenyewe kabla hujatoa hela, langu la kwanza sabtaito zilikuwa zinatangulia mdomo, mtu anajibu kabla hajaulizwa, nikarudi jamaa akanibadilishia bila maneno mengi. Na watoto wasiwepo, kuna damu na kuna kitanda, sio sana ila ukiwa umekaa na wakwe utatafuta rimoti. Mimi naipa saba kwa kumi, na kati ya hizo saba nne ni za Sewell.